Finlandia, fidla na magazeti yaliyofungwa

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

Mwezi Novemba mwaka 1899 wakazi wa mji wa Helsinki walikata tiketi za kwenda kuangalia onyesho katika jumba la michezo ya kuigiza la Svenska Teatern. Waandaaji walitangaza kwamba fedha zitakazopatikana zitaingia kwenye mfuko wa pensheni wa waandishi wa habari. Pensheni ilikuwa kisingizio, na waliokata tiketi walilijua hilo. Magazeti yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na kujaza viti usiku ule ilikuwa namna ya kuyaunga mkono bila ya polisi kupata pa kushika.

Muziki wa onyesho hilo ulitungwa na mtu wa miaka 33, jina lake Jean Sibelius. Kipande chake cha mwisho ndicho ambacho dunia nzima leo inakiita Finlandia. Naanza na habari hiyo makusudi, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu, nikiwaambia kwamba Jumamosi iliyopita nilikwenda kusikiliza okestra, watasema jamaa sasa ameshakuwa Mzungu kamili. Sisi tunaobeba maboksi huku ughaibuni tunapita mbele ya kumbi hizi kila siku tukienda kazini, tunaona mabango yenye picha ya mtu na fidla, na tunaamini kuwa mle ndani ni mambo ya mabwanyenye. Mimi mwenyewe ni mwandishi niliyeondoka nyumbani baada ya gazeti nililoliandikia kufungwa. Niliposoma kwenye bango kwamba jioni hiyo vitapigwa vipande vitatu vya Sibelius, yaani Finlandia, koncherto ya fidla na Simfoni ya Pili, niliona kuwa mwaliko ule kwa namna fulani ni wangu pia.

Tiketi ilikuwa pauni 12. Jezi ya Arsenal inauzwa ghali zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu hali ilivyokuwa. Ufini, nchi iliyotuletea simu za Nokia, ilikuwa chini ya Urusi tangu mwaka 1809. Kwa muda mrefu ilikuwa na bunge lake, sheria zake na hata fedha yake. Mwezi Februari 1899 mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, alitoa tamko ambalo lilimpa yeye neno la mwisho juu ya sheria za Ufini. Gavana wake mjini Helsinki, Jenerali Nikolai Bobrikov, ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha nchi inanyooka. Wananchi walizunguka vijijini kwa miguu na kwa ubao wa kuteleza juu ya theluji, na katika muda wa wiki mbili hivi wakakusanya sahihi zaidi ya 520,000, katika nchi ambayo haikuwa na watu milioni tatu. Ujumbe wa watu 500 ukabeba sahihi hizo mpaka St. Petersburg. Mfalme akakataa kuwaona.

Baada ya hapo yakafuata magazeti. Ukaguzi ukakazwa, matoleo yakazuiwa, mengine yakasimamishwa kwa miezi, mengine yakafungwa moja kwa moja. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi namna mchezo huo unavyochezwa. Likiitwa Sheria ya Magazeti au Sheria ya Huduma za Habari, likiwa la mwaka 1899 au la 2016, jambo ni lile lile: barua fupi, muhuri, na mhariri anaambiwa toleo la kesho lisitoke.

Ndipo zikaandaliwa zile siku za kusherehekea magazeti, na kilele chake kilikuwa usiku wa tarehe 4 Novemba. Jukwaani hapakuwa na hotuba za kisiasa. Palikuwa na picha za kuigiza, watu wamesimama wamevaa mavazi ya zamani bila kusema, mmoja wa waandishi wa maneno akiwa mshairi Eino Leino. Picha zile zilipita katika historia ya Ufini, tangu zama za ngano mpaka vita na njaa. Ya mwisho iliitwa Ufini Yaamka. Ndani yake mlikuwamo wasomi, shule ya msingi na garimoshi la kwanza la nchi hiyo. Mkaguzi angekuja na kalamu yake nyekundu angekata nini? Shule? Garimoshi? Lakini chini ya picha ile okestra ilianza na sauti nzito za tromboni na tarumbeta, kama mlango wa chuma unaosukumwa na watu wengi, na ukumbi mzima ulielewa.

Finlandia huchukua dakika nane au tisa tu. Inaanza na hasira, inapita katika mapambano, halafu ghafla makelele yote yanakoma na vyombo vya kupuliza vya mbao vinaleta wimbo wa polepole, mtulivu kama wa kanisani. Wengi hudhani ni wimbo wa zamani wa wananchi ambao Sibelius aliuokota. Siyo, aliutunga mwenyewe. Katika baadhi ya maeneo yaliyokuwa chini ya Urusi kipande hiki kilibidi kupigwa kwa jina jingine, lisilotaja Ufini, ili kisizuiwe. Mwaka 1900 okestra ya Helsinki chini ya Robert Kajanus ilisafiri nacho Ulaya mpaka kwenye Maonyesho Makubwa ya Dunia mjini Paris.

Wimbo huo wa polepole ulifika hata Afrika. Biafra ilipojitenga na Nigeria mwaka 1967 ilichukua sauti hiyo hiyo ikaufanya wimbo wake wa taifa, kwa maneno yaliyotungwa na Nnamdi Azikiwe. Miaka mitatu baadaye Biafra haikuwapo tena. Kwa hiyo wako wazee wa Kiafrika ambao wakisikia Finlandia hawakumbuki theluji hata kidogo.

Kule kwenye ukumbi wa mji wetu kaskazini mwa Uingereza, okestra ilikuwa ya watu kama 70, wengi wao si wapigaji wa kulipwa. Kuna walimu, kuna wauguzi, kuna bwana mmoja wa tarumbeta ambaye mchana ni fundi wa mabomba. Kwa ambaye hajawahi kuingia: fidla zimekaa kushoto, za kwanza na za pili, kisha viola, selo, na nyuma yake mabesi makubwa yanayopigwa kwa kusimama. Katikati ziko filimbi, oboi, klarineti na fagoti. Nyuma yao shaba, na nyuma kabisa ngoma. Mbele anasimama kondakta, si wa daladala, ingawa kazi zao zinafanana kuliko unavyofikiri: wote wawili hawaendeshi gari, lakini gari haliendi bila wao, na wote wawili wanahakikisha hakuna anayeachwa kituoni.

Muziki wa namna hii huitwa wa Kiromantiki. Neno hilo lisikupeleke kwenye mashairi ya Bongo Fleva. Ni zama, karne ya 19 mpaka mwanzo wa karne ya 20, ambapo watunzi wa Ulaya walitaka muziki uelezee nafsi ya mtu, ngano za kwao, misitu, dhoruba na taifa. Mataifa mengi madogo yaliyokuwa chini ya wakubwa yalipata sauti zake za kwanza mbele ya dunia kwa njia hiyo. Sibelius alizaliwa mwaka 1865 katika familia iliyozungumza Kiswidi, lugha ya wakubwa wa zamani, akapelekwa shule iliyofundisha kwa Kifini. Muziki uliomtoa ulitokana na ngano za Kifini.

Sikwenda peke yangu. Nilifuatana na bwana mmoja wa Kizanzibari, mtu mzima, ambaye hapa Uingereza ni dereva wa basi na katika harusi zetu ni mpigaji wa fidla. Hataki jina lake litajwe, nasi tunamwita Maalim. Nilimwalika kwa sababu nilitaka sikio linaloijua ala yenyewe. Ukweli ni kwamba sisi Waswahili hatuna sababu ya kuiogopa fidla. Taarabu ya Zanzibar bila fidla ni nini? Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, na safu ya fidla kando ya udi, kanuni na nai ni kitu tulichozaliwa tukakikuta. Mwaka huo huo wa 1905, mwezi Oktoba, koncherto tuliyokwenda kuisikiliza ilipigwa mjini Berlin katika sura yake tunayoijua leo.

Koncherto maana yake, kwa lugha nyepesi, ni mtu mmoja mbele ya umati. Mpigaji mmoja anasimama mbele na okestra nzima iko nyuma yake, mara wanamsindikiza, mara wanambishia, mara wanamwacha ajisemee. Sibelius aliandika koncherto moja tu katika maisha yake, nayo ni hii ya fidla. Ukiijua habari yake utaona kwa nini hakuhitaji nyingine.

Alianza kujifunza fidla akiwa na miaka kama 14, umri ambao kwa fidla ni sawa na mtu kuanza kujifunza mpira akiwa na miaka 25. Aliipenda ala ile kuliko kitu chochote na ndoto yake ilikuwa awe mpigaji mkubwa. Mapema mwaka 1891 akiwa mwanafunzi Vienna alijaribu kuomba nafasi katika okestra ya mji ule. Mikono ikamtetemeka kwa woga, hakuchukuliwa. Alirudi chumbani kwake akalia. Ilimbidi akubali kwamba alichelewa, na kwamba atabaki kuwaandikia wengine. Lakini jambo halikumtoka. Mwaka 1915, akiwa na karibu miaka 50 na jina lake limeshavuka bahari, aliandika katika shajara yake kwamba ameota ana miaka 12 na ni bingwa wa fidla.

Koncherto hii ndiyo mtu huyo anaitumia kusema aliyoshindwa kuyasema kwa mikono yake. Na haikumwendea vizuri. Alimwahidi mpigaji Mjerumani, Willy Burmester, kwamba yeye ndiye ataizindua. Kisha madeni yakambana, akahitaji tamasha la haraka la kuingiza fedha, akaipiga Helsinki tarehe 8 Februari 1904 na mwalimu wa hapo mjini, Victor Nováček, ambaye haikuwa ya kiwango chake. Ikaharibika. Mhakiki wa magazeti Karl Flodin hakumwonea huruma mtunzi. (Miaka mitano kabla yake Sibelius aliyatungia magazeti muziki wa kuyaokoa, na gazeti halikumlipa fadhila. Ndivyo inavyotakiwa.) Sibelius akaiondoa, akaifupisha, akaiandika upya. Sura ya pili ilipigwa Berlin na Karel Halíř, kondakta akiwa Richard Strauss. Burmester, aliyerukwa kwa mara ya pili, akaapa kuwa hataigusa, na jina la kutunukiwa kazi hiyo likaenda kwa mtoto wa Kihungari, Ferenc Vecsey, ambaye aliipiga akiwa na miaka 13.

Bado ilikaa miaka mingi bila kushika. Aliyeitoa gizani zaidi ya wengine ni Jascha Heifetz, aliyeirekodi London mwaka 1935 na kondakta Thomas Beecham. Heifetz alizaliwa Vilnius, akaondoka Urusi mwaka 1917 na kuwa raia wa Marekani. Naye pia ni mtu wa ughaibuni, kama mnavyoona.

Mpigaji wetu wa Jumamosi alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa chuo cha muziki. Alisimama bila kitabu. Muziki wote, nusu saa na zaidi, umo kichwani.

Koncherto nyingi za wakati ule huanza kwa okestra kutangaza kwa muda mrefu, kama mshereheshaji anayezuia watu wasile. Hii haina hayo. Fidla za okestra zimewekewa kizibo cha kufifisha sauti na zinatetema chini kwa chini, kama upepo unaopita juu ya barafu, na baada ya sekunde chache tu mpigaji anaingia juu yake na sauti moja ndefu. Hakuna shangwe. Ni mtu anayeanza kuzungumza peke yake usiku. Maalim alinigusa mkono.

"Huyu hapigi," aliniambia kwa kunong'ona. "Huyu anaimba."

Mama mmoja mbele yetu akageuka kututazama. Katika kumbi hizi hata kukohoa kuna wakati wake.

Katikati ya sehemu ya kwanza okestra inanyamaza kabisa na fidla inabaki pekee. Kwa watunzi wengine mahali hapa ni pa mpigaji kujionyesha, karibu na mwisho, kama mchezaji anayepiga danadana timu yake ikiwa tayari inaongoza. Sibelius ameliweka katikati na amelipa kazi nzito: ndipo mawazo yote yaliyotangulia yanapochambuliwa. Mtu mmoja, nyuzi nne, hakuna wa kumsaidia. Binti yule alifumba macho. Watu 70 nyuma yake walikuwa wamekaa tuli na ala zao mapajani, nami nilifikiria yule kijana wa Vienna na mikono yake inayotetemeka, jinsi alivyoandika mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kusimama.

Sehemu ya pili ni polepole. Inafunguliwa na klarineti na oboi mbili mbili, halafu fidla inaingia kwenye uzi wake mnene wa chini, sauti ya kifuani, iliyo karibu na sauti ya mwanamke mtu mzima kuliko ya msichana. Hapa Maalim hakusema kitu. Baadaye, wakati wa mapumziko, tukiwa tumesimama na vikombe vya chai, nilimuuliza.

"Ndugu yangu," akasema, "sisi katika taarabu fidla inamfuata mwimbaji. Akisema, tunamjibu. Akipumua, tunapita pale alipoacha. Sasa huyu bwana kamwondoa mwimbaji. Lakini nafasi yake kaiacha pale pale, unaisikia. Mimi nilikuwa nangojea maneno."

"Na ulikosa maneno?"

"Wala. Ningeyasikia labda yangeniharibia."

Sijasoma maelezo bora kuliko hayo katika vitabu vya wataalamu. Kasoro aliyoiona ni moja: alisema wenzetu hawa wanakaa juu ya noti kama wanakaa juu ya yai, hawateleziki vya kutosha kutoka sauti hadi sauti. Hilo ni la mpigaji wa Kizanzibari, namwachia mwenyewe.

Sehemu ya tatu ni ngoma. Ngoma za shaba na mabesi zinashika mwendo mmoja mzito, wa kukanyaga, na fidla inaruka juu yake. Mwingereza Donald Tovey aliifananisha na dansi ya dubu wa kaskazini, na tangu hapo hakuna mwandishi anayeiandika bila kumtaja dubu huyo. Nami nimeshindwa kujizuia. Ugumu wake ni wa kutisha hata kwa macho. Mkono wa kushoto wa binti yule ulikuwa unapanda na kushuka kama cherehani. Alipomaliza watu walisimama. Sisi wawili tulisimama kabla yao, na Maalim akasahau alipo na kupiga kelele moja ya harusini ambayo ukumbi ule, nadhani, haujawahi kuisikia. Binti alitazama upande wetu akacheka.

Wakati wa mapumziko hayo hayo nilikutana na Mkongo mmoja wa Bukavu, mlinzi wa jumba lile, ambaye alishangaa kuona Waafrika wawili foleni ya chai na tukaingia kwenye Kiswahili mara moja. Yeye alitukumbusha Kinshasa, ambako tangu 1994 kuna okestra kamili ya simfoni, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Diangienda alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Mwanzoni watu wengi walishirikiana ala chache, mmoja anapiga dakika kadhaa anampisha mwingine, na nyuzi za fidla zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Mwaka 2010 Wajerumani waliwatengenezea filamu. Kwa hiyo anayesema kuwa okestra ni ya Wazungu matajiri ajibiwe na fundi breki wa Kinshasa.

Baada ya mapumziko ilikuja Simfoni ya Pili, dakika 45 hivi. Hapa ndipo penye ubishi wenyewe. Ilipigwa mara ya kwanza Helsinki tarehe 8 Machi 1902, wakati Bobrikov bado anabana, na kumbi zilijaa mara kadhaa mfululizo. Kajanus, rafiki wa mtunzi, akatoa tafsiri ambayo ilishika: sehemu ya pili ni kilio cha watu wanaoonewa, ya tatu ni maandalizi ya haraka, ya mwisho ni ushindi. Ukiisikiliza sehemu ya mwisho huwezi kumlaumu. Sehemu ya tatu inakimbia kwa kasi, kisha oboi inaleta wimbo unaoanza kwa kurudia noti moja mara tisa, kama mtoto anayesisitiza jambo. Baadaye okestra inapanda ngazi kwa ngazi bila kusimama mpaka mlango unafunguka na wimbo mkubwa unaingia kwa shaba na fidla zote pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kungojea habari njema kutoka nyumbani atajua kinachosemwa.

Ila Sibelius hakukubali kuwa hiyo ndiyo maana yake. Mawazo ya kwanza ya simfoni hii aliyapata Rapallo, Italia, mapema mwaka 1901, kwenye jua, katika safari iliyotafutiwa fedha na mpenzi wa kazi zake, Axel Carpelan, mtu ambaye mwenyewe hakuwa na kitu. Ile sauti ya fagoti katika sehemu ya pili, mabesi yakidonolewa kwa vidole chini yake, ilianza kama picha ya Don Juan anayetembelewa na mauti nyumbani kwake. Na ule wimbo unaojirudia rudia bila kuchoka katika sehemu ya mwisho, kwa maelezo ya mkewe Aino, ulitungwa kwa kumkumbuka dada yake Aino aliyejiua. Gavana wa Kirusi hayumo.

Mimi nashika upande wa mtunzi. Sisi waandishi tuna tabia mbaya ya kutaka kila wimbo uwe tahariri. Finlandia aliitunga kwa ajili ya magazeti na akasema hivyo. Hii nyingine aliitaka iwe ya kwake. Mtu anayeishi chini ya dola kali anayo haki ya kumlilia shemeji yake bila kilio hicho kuandikishwa kwenye mapambano.

Na je, muziki uliyafungua magazeti? Hapana. Tuseme ukweli. Fedha za tiketi zilisaidia, watu walipata moyo, lakini mwaka 1903 Bobrikov alipewa madaraka ya kuwafukuza watu nchini. Mmoja wa waliofukuzwa ni Eero Erkko, mhariri wa gazeti la Päivälehti. Alikwenda Marekani, na mjini New York akawa anatoa gazeti la Kifini kwa Wafini wa huko, liitwalo Amerikan Kaiku, yaani Mwangwi wa Amerika. Anayesoma mistari hii kwenye kompyuta yake Reading au Minneapolis ataelewa kwa nini jina hilo lilinisimamisha. Mwezi Juni 1904 Bobrikov aliuawa kwa risasi na Eugen Schauman, na wiki chache baadaye Päivälehti likafungwa kabisa kwa makala iliyosomwa kama inashangilia kifo kile. Kilichofungua mlango ni Urusi kushindwa vitani na Japani, na mgomo mkuu wa 1905. Mfalme alirudi nyuma kwa tamko la tarehe 4 Novemba 1905, miaka sita kamili, siku kwa siku, tangu usiku ule wa Svenska Teatern. Mwaka uliofuata wanawake wa Ufini walipata haki ya kupiga kura na ya kugombea ubunge. Erkko alirudi kwao. Gazeti lililozaliwa mahali pa Päivälehti, Helsingin Sanomat, ndilo kubwa nchini humo mpaka leo.

Nyumbani Tanzania, leseni za Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima zilirudishwa Februari 2022, baada ya miaka. Leseni inarudi kwa siku moja. Wasomaji, waandishi waliotawanyika na wauza magazeti waliohamia kwenye vocha hawarudi kwa siku moja. Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti mwezi Novemba 2017, hajarudi.

Kwa wanaotaka kujaribu: msimu wa kumbi hizi Uingereza ni Septemba mpaka kama Mei, vijana na wanafunzi hupata punguzo kubwa, na hakuna atakayekuuliza umevaa nini. Usipige makofi mpaka kondakta ateremshe mikono kabisa, maana kimya cha katikati si mwisho. Anayekaa mbali na ukumbi, BBC Radio 3 hurusha matamasha bure. Finlandia ni fupi na itakuingia mara ya kwanza. Simfoni inataka usikilize mara mbili. Koncherto anza na sehemu ya pili, usiku, watoto wakishalala.